Ile Moja

Saa tisa usiku, Tororo,
kibarazani mwa duka la mabati la Haji Swaleh,
nimevaa koti la kampuni
lililoshonewa mabega ya mtu mwingine.

Huko Paramaribo ni saa tatu usiku, tena usiku wa jana.
Wenzetu bado wanaitumia siku
ambayo sisi tumekwisha kuizika.
Nusu fainali ya vilabu vya visiwani.
Paramaribo si kisiwa, nimeuliza,
lakini jirani haachwi nje ya karamu.

Mkeka wangu una mechi tisa.
Nane zimekaa: Misri imekaa, Ureno imekaa,
hata Uzbekistani, ambako simjui mtu.
Ya tisa ni hii. Wenyeji washinde.
Nimeweka elfu moja.
Wakishinda ni laki mbili na kumi na nne,
karo ya Nyafwono, na viatu,
na pengine mbuzi, nikijadiliana vizuri.

Mama alisuka mikeka ya ukindu.
Mmoja tuliulalia miaka kumi, ndugu sita.
Huu wangu ni wa usiku mmoja
na una uzi mmoja.

Simu haionyeshi picha, bando ni la kuhesabu.
Naona namba tu, na dakika zinazotambaa.
Moja kwa bila. Ya thelathini na nne.
Wageni wametoka Port-au-Prince.
Akoth wa kituo cha kubeti aliniambia
hao hata mechi za nyumbani huchezea ugenini,
mji wao umeharibika, hauchezeki.
Nilicheka. Nikabeti dhidi yao.
Njaa haimuulizi samaki ana watoto wangapi.

Kadi ya njano: Estimé, ya sitini na moja.

Usiku kucha ni namba,
halafu ghafla jina.
Amelala kitanda kifupi, huyo.
Soksi zake amezikausha juu ya feni.
Amempigia mtu simu, haikushika.
Najuaje?

Mwaka ule timu ya kiwanda cha saruji
ilivuka mpaka kwenda kucheza kombe la kanda.
Tulilala darasani, chini ya madawati,
ubaoni wameacha hesabu za kugawanya.
Opendi aliharisha.
Ochwo alicheza na viatu viwili vya kushoto.
Tukafungwa.
Jioni redio ikasema: tatu kwa moja,
ikaendelea na bei ya pamba.
Baba aliisikia. Agururu nzima iliisikia.
Ile moja ilikuwa yangu.
Kwa kichwa, kona ya upande wa jua,
na beki wao amenishika fulana.
Niliporudi hakuna aliyeuliza,
nami sikujua pa kuanzia.
Mpaka leo sijaanza.

Ya themanini na nane.
Lori la kwenda Malaba linapita,
vumbi lake linakaa kwenye kioo cha simu.
Nafuta kwa kidole gumba.
Inatetemeka.

Moja kwa moja.
Estimé.

Mbwa wa Haji anabweka vibaya
kwa sababu kuna mtu amesimama getini,
mikono juu, rungu chini,
anapiga kelele bila maneno,
na ni mimi,
na laki mbili na kumi na nne zinaondoka
bila hata kuaga.

Asubuhi Akoth anafagia mikeka ya watu.
"Pole, Mzee Oketcho. Uzi mmoja tu!"
Namuuliza marudiano ni lini.
"Jumatano. Unamweka nani?"

Simweki mtu.
Niandikie saa.
Na hilo jina pia, kwenye karatasi,
pamoja na kile kialama chake cha juu,
usikisahau.