Kukaa Upande

Fundi Shobana wa Ruwi hanitazami uso.
Anatazama mkanda wake wa kupimia,
anaurudisha, anauzungusha tena,
halafu kwa Kiarabu chake cha kukatakata:
kushoto imezidi, madam, inchi moja na robo.
Anaandika kwenye daftari
chini ya mapazia ya mtu wa Barka.
Wala haulizi.

Miaka miwili tangu Istanbul.
Hoteli ya ghorofa tisa, chumba cha wanawake wanne,
sote kifudifudi, tunacheka kwa mashavu tu,
maana kicheko kikishuka chini kilikuwa moto.
Hakuna mume aliyeniagiza.
Nilijiona kwa nyuma kwenye video ya harusi ya Ghalia,
bapa kama mlango wa kabati,
nikauza bangili mbili.
Watu watasema nimejitakia.
Nilijitakia, ndiyo. Ndiyo maana ya kutaka.

Mfuko wa kulia ukatulia, binti wa watu.
Wa kushoto ukaanza safari,
kidogo kidogo, kuelekea pajani.

Kiswahili cha kwetu hakina haya:
makalio, yaani vya kukalia.
Vyangu vinatazamwa tu.
Nakaa upande garini, Mawaleh mpaka benki,
mkono kwenye usukani, mwingine umeshika mlango.
Nakaa upande mikutanoni.
Msibani Ghala wanawake wamejaa zuliani tangu alasiri,
mimi nimesimama mlangoni na birika la kahawa,
nagawa vikombe visivyoombwa.
Thureya akasema, Shinuna ana thawabu leo.
Sikumjibu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
mimi siku hizi namtuma mtoto.

Na mama, ambaye sijamwambia, na anajua,
aliweka sufuria mezani, likatulia tuli.
Akaligonga kwa mwiko.
"Hili tako lake halijapanda ndege," akasema,
akaenda kuangalia wali.

Daktari wa Bausher ana kalamu ya buluu.
Nimesimama mbele ya kioo, kiyoyozi kinanipuliza,
naye ananichora kama mpimaji wa viwanja:
hapa kiunoni tunafyonza,
hapa pembeni tunafyonza,
pajani kidogo, ili jicho lisione tofauti.
Mfuko hatuugusi.
Rial elfu moja na mia nne,
siku tatu nyumbani, wiki sita za kujibana.

Nikauliza, na maumivu ya kukaa?
Akafunga kifuniko cha kalamu.
Hilo, akasema, ni jambo jingine.

Jambo jingine.
Nimeendesha nalo barabara nzima mpaka nyumbani,
nimekaa upande, jambo jingine limekaa katikati.
Kumbe hii elfu na mia nne ni ya jicho.
La nani? Langu kwenye kioo,
la kamera ya harusi,
au la Shobana, ambaye haulizi?

Nilimwuliza pia: na ukiutoa kabisa?
Ngozi italegea, akasema,
kwa sauti ya mtu anayekutajia maradhi.

Nimeoga mara tatu, wino hautoki.
Mishale imebaki imeelekea ndani,
duara juu ya duara, na namba ndogo
nisizoweza kuzisoma bila kujipinda,
na kujipinda ndiko kunakouma.
Kizuri hakikosi ila, tunasema.
Hatusemi ila ikikosa uzuri tuifanye nini.

Jana usiku niliswali juu ya kiti.
Leo niliswali chini. Tahiyatu
nimeisoma mbio kama mdaiwa,
kisha nikaona haya, nikairudia taratibu,
neno kwa neno, mpaka jasho likanitoka.

Simu inalia. Shobana.
Kitambaa kimefika, madam, kile cha zari,
nipime kwa hii ya sasa, au nisubiri?
Usikate, namwambia. Bado usikate.
Mpaka lini?

Nimesimama jikoni na kikombe cha chai ya zaafarani.
Viti sita vimenizunguka.