Tafsiri ya Musavuli

Leo umeme umerudi saa tatu usiku
na binti yangu Asifiwe amenitafutia filamu ile kwenye simu,
nzima, rangi zote,
maandishi ya Kifaransa yakitambaa chini kama sisimizi.
"Ndiyo hii, baba?"
Ndiyo hii.
Yule mzee wa ndevu nyeupe. Yule kijana wa ndoo mbili.
Ngazi za hekalu nilizozihesabu nikiwa na miaka tisa
nikapotea kila mara jenereta ilipokohoa.

Pale Birere, nyuma ya wauza mitumba,
banda la mbao na maturubai yaliyobaki ya wakimbizi.
Franka hamsini, au kipande cha sabuni,
au bidoni moja ya maji kutoka ziwani.
Tulikaa juu ya mawe, goti kwa goti,
na kando ya televisheni alisimama Musavuli
na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Mchina akifungua mdomo, Musavuli anasema.
Mchina akifunga, Musavuli bado anasema.

Nilikuwa sijui kwamba ndevu zile ni za gundi.
Asifiwe ameziona mara moja.
Ameiona na saa mkononi mwa jambazi wa karne zilizopita,
na waya unaomnyanyua kijana juu ya paa.
Anacheka. Ngumi zinalia
kama mtu anayekung'uta mkeka uliolowa.
Zamani zilinipiga mimi, hapa, chini ya mbavu,
nikarudi Mabanga nikiruka mifereji,
nikapigana na migomba ya mama Nzigire mpaka ikatoa maji,
na yeye akanipiga mimi, bila mtindo wowote.

Halafu ikafika ile sehemu.
Mvua. Kijana amekaa jikoni, viganja vimechubuka.
Mzee anaingia, anasimama, anasema neno.
Nikamwambia Asifiwe: sikiliza.
Nikalitangulia, kama sala:
Mwanangu, usijifunze kupiga. Jifunze kubaki umesimama.
Anayepiga huchoka. Ardhi haichoki.

Nikasoma chini.
Wali umeungua tena.

Basi. Hilo tu.
Wali umeungua tena.
Nimerudisha nyuma mara tatu; Asifiwe akadhani simu imekwama.

Maneno niliyoyabeba mpaka chumba cha mtihani,
mpaka kizuizi cha Sake bila karatasi mfukoni,
mpaka kaburi la baba,
hayakutoka China.
Yalitoka kwa mtu wa Butembo aliyeachia shule darasa la nne,
asiyejua Kichina wala, nadhani sasa, Kifaransa,
mwenye koo kavu na watoto sitini mbele yake,
wengine wao hawana wa kuwaambia neno lolote.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, mlima ukapasuka.
Kwenye njia ya Gisenyi watu walibeba magodoro,
kuku, masufuria, picha za harusi.
Musavuli nilimwona kwa mgongo: televisheni kichwani,
kioo chake kimeelekea nyuma, kwetu,
kikionyesha mbingu nyekundu
bila jenereta.
Sikumwita.
Banda liko chini ya jiwe. Juu yake wanauza simenti.

Mwisho wa filamu sikuwahi kuuona.
Kaseti ilikuwa imetafunwa hapo,
Musavuli alizima na kutusimulia gizani:
kijana anarudi kwao, anakuta sufuria jikoni,
mama yake anamuuliza, umechelewa wapi?
Leo nimeuona. Adui anaanguka,
ngumi ya kijana inagandia hewani,
herufi zinashuka.
Hakuna mama. Hakuna hata njia.

"Imeisha?" Asifiwe ameuliza, uso wake umepoa.
Nikachukua simu, nikarudi kwenye zile ngazi.
Nikazima sauti.
Nikasimama kando ya meza, nikakohoa kidogo.
Mchina akafungua mdomo.