Majirani wa Neno

Darasa letu la Bicha lina ubao mmoja
na chaki tunayoivunjavunja ili itoshe wiki.
Ustadhi Ramia, fundi baiskeli mpaka alasiri,
anaandika kwa vidole vyenye grisi:
*matwar*. Kando yake, *ghaith*.
"Yote mawili ni mvua. Tafuteni yanakaa na nani."

Wiki tatu tukafunua misahafu, kalamu ya risasi sikioni.
Matwar tulimkuta na mawe,
na kaumu zilizoonywa zikacheka,
na mara moja tu na askari
walioruhusiwa kuweka silaha chini kwa udhia wake.
Ghaith tulimkuta mlangoni
kwa watu waliokwisha kata tamaa.

Upepo vilevile. Pepo zikiwa nyingi, *riyaah*,
hutangulia mbele ya rehema zikipiga hodi.
Ukiwa mmoja, *riih*, jifunike.

Mwanahija, muuza karanga wa stendi, ndiye anayesoma polepole kuliko sote.
Akainua mkono: "Hapa yuko mmoja, na ni mwema."
Tukarudia kuhesabu. Kweli, riih,
ila amepewa jirani: *twayyiba*.
Ustadhi akafuta ubao kwa kiganja, akacheka,
"Mwenye sifa mbaya kapata wa kukaa naye!"
Mwanahija hakucheka.
Tangu talaka yake ya mwaka juzi
mtaa mzima humtaja kwa neno moja.

Nami nikaiwaza lugha yetu
inayopiga kila kitu: pasi, simu, magoti,
hata mfano tunaupiga, kama Waarabu wanavyoupiga,
lakini maji ya juu tumeyapa jina moja.
Iliyovunja kingo za mto Bubu,
ikazoa uwele, zizi, na kaka yangu Isaka: mvua.
Ya mwaka uliofuata, ya usiku, ya taratibu,
iliyoupandisha mtama hadi kifuani: mvua.
Mama huzitofautisha kwa kunyamaza kidogo
kabla ya kulitamka.

Leo, siku ya arobaini na moja ya vumbi,
bati la darasa limegongwa.
Tone. Tone. Kisha kama mtu anamwaga choroko kwenye sinia.
Hakuna aliyeitaja.
Ustadhi kashika chaki, haandiki.
Mwanahija kasimama mlangoni, kiganja nje,
anasubiri kujua
imekuja na nani.