Mawasiliano Binafsi

Mhariri ameurudisha mswada mara ya tatu:
koma baada ya jina la ukoo, si nukta;
mwaka ndani ya mabano; jina la jarida lilazwe,
la makala lisimame.

Isevya, umeme umekatika. Kwa tochi ya simu
nalaza, nasimamisha.
Waandishi wakizidi watatu, mtaje wa kwanza,
waliobaki waitwe "wenzake".
Maskini wenzake.

Nafika kwenye M.
Misigalo, Kasoga. Mwaka? Ule tumbaku ilipokosa bei.
Mchapishaji? Moshi.
Kurasa? Alinyoosha kidole tu, msituni Ipole,
kwenye mzinga wa gome juu ya mninga:
"Si mvua inayowahamisha hawa.
Ni mtundu ukishamaliza maua."
Sura yangu ya nne yote imesimama hapo.

Mwongozo, ukurasa wa kumi na moja:
mawasiliano binafsi hayaingii kwenye orodha.

Nikamweka kwenye mabano, katikati ya aya,
kama mgeni aliyepewa kigoda mlangoni.
Kisha nikafuta "binafsi".
Hakuninong'oneza;
aliongea kwa sauti, nyuki wote wakisikia.