Saa Kumi Usiku, Barabara ya Kirinyaga

Studio yangu ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri. Kutani trei za mayai,
mia tatu na arobaini, nilizihesabu nikizibandika.
Harufu ya kuku haikutoka hata siku moja.

Wakaja Kutu. Ndilo jina walilojipa.
Kerubo na ngoma zake juu ya mkokoteni,
Ndanu na besi mgongoni, kama mtoto mgonjwa,
Lihanda na gitaa lenye ufa uliozibwa kwa gundi ya viatu,
na Lemayian, ambaye mchana huuza bima
na hana sauti ya kumuuzia mtu chochote
mpaka apige kelele.
Walitaka albamu. Nyimbo tisa, roki nzito, Kiswahili kitupu.
Nikawatajia bei. Wakacheka.
Nikacheka. Tukaanza.

Mchana haukutufaa.
Chini yetu Njogu hunyoosha mabati ya magari
na nyundo yake haijui Jumapili.
Nilishuka kumwomba. Akapandisha miwani kwenye paji:
"Mimi nimelipwa hadi Jumamosi.
Nyinyi mmelipwa na nani?"
Nikapanda ngazi bila jibu.

Usiku nao una wenyewe.
Ng'ambo ya barabara, kanisa la mabati, kesha kila siku,
spika nne zimeelekezewa shetani,
na shetani, kwa ramani yao, ni dirisha letu.

Ikabaki saa moja tu:
kuanzia saa kumi, maombi yakishachoka,
hadi saa kumi na moja, adhana ikiinuka upande wa Pumwani.
Albamu nzima ni saa ile.
Usiku thelathini na mmoja,
kama mtu anayejaza pipa kwa kijiko.

Kerubo alilala kando ya ngoma, viatu miguuni.
Tukiwasha ampu, taa ya ngazini inafifia.
Paka wa mwenye duka alihama, hakurudi.
Lihanda aliuvuta waya mnene mpaka trei moja ikadondoka,
na ukiusikiliza wimbo wa nne kwa makini
utaisikia ikitua: tapu,
laini, kama mtu aliyekubali.

Wimbo wa sita ni majina matupu,
majina ya wenye vibanda vilivyobomolewa kando ya mto.
Lemayian aliyaita yote kwa pumzi zilizokwaruza,
akatema kitu chekundu kwenye kikombe changu cha chai,
akauliza, "Imeingia?"
Ilikuwa imeingia.

Usiku wa mwisho stima ilipotea saa kumi na nusu,
ikarudi kumekucha, wimbo wa tisa bado.
Pesa zimekwisha. Ndanu anasafiri Mwingi asubuhi ileile.
Tukarekodi hivyo hivyo,
na nyundo ya Njogu ikapanda kupitia sakafu.
Kerubo aliisikia. Akaifuata.
Sijui namna nyingine ya kulisema hili:
alikuwa akipiga mapigo yake,
mara akawa anapiga ya bati.

Nilikaa juma zima nikijaribu kuifuta.
Nikiitoa nyundo, wimbo unabaki nyama bila mfupa.
Nikaiacha.

Tulitoa nakala mia mbili. Arobaini na tatu zimenunuliwa,
mbili na mtu mmoja, aliyesahau kwamba anayo.
Nyingine ziko chini ya kitanda changu,
na nikigeuka usiku zinagongana.

Jana Njogu alipanda ngazi kwa mara ya kwanza,
mikono ameinawa kwa petroli.
"Nasikia nimo."
Nikamvisha hedifoni. Akasimama,
macho sakafuni, kidole kikigonga paja.
Wimbo ulipoisha hakusema ni mzuri,
wala hakusema ni makelele.
Aliomba niurudishe. Nikaurudisha.
Karibu na mwisho akainua mkono.

"Hapo," akasema, "hapo bati lilipasuka.
Mwenye gari hajajua mpaka leo."