Kikao cha Catriona

Catriona alihamia Orkney mwezi wa tatu,
akaacha kikombe, koti la mvua,
na kikao kimoja ndani ya seva, wazi,
siku mia moja na kumi na tisa.

Mimi ndiye wa zamu ya usiku hapa Dundee,
ghorofa ya chini, jengo la biolojia;
juu mvua inachapa, chini feni zinavuma.
Nachungulia kikao chake: vidirisha vinne.
Cha kwanza kinahesabu kitu kilichokwisha hesabiwa.
Cha pili kinasubiri nywila, na adabu zake zote.
Cha tatu cheusi.
Cha nne, sentensi aliyoikatiza:
        usisahau ku

Juzi diski ilijaa, profesa akafoka,
nikaambiwa, Mwanakheri, tafuta dawa.
Dawa yenyewe ni ndoana: kikao kikifungwa
ishtuke, ifute faili za muda, iiue michakato yatima
(yatima nao huuawa kwa amri; niliandika, nikasita),
ilegeze kufuli, itie mstari mmoja daftarini, ilale.

Jaribio la kwanza lilinitoa jasho.
Kikao kikishafungwa hakijui tena jina lake.
Nililiita, likarudi tupu,
na ufagio ukaigeukia nyumba nzima.
Niliwahi kuukata. Zilikwenda faili sita, zangu mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka Pangani, tulipoanua matanga ya shangazi:
mikeka ikakunjwa, masufuria ya watu yakarudi kwa wenyewe,
kila moja na alama yake ya rangi kitakoni,
iliyotiwa mapema,
kabla kilio hakijamchanganya mtu.
Hilo tu. Nikausogeza mstari juu:
jina lihifadhiwe kikao kikizaliwa,
si kikifa.

Saa tisa na dakika kumi na mbili nikafunga cha Catriona.
Kwanza niliinakili ile sentensi nyuma ya risiti ya maziwa,
nikakaa nayo kidogo.
Kumwagilia? Kulipa?
Kuniaga?

Daftari likasema: kimefagiwa.
Diski ikapumua, asilimia arobaini.

Kikombe bado kipo mezani,
chai ndani yake imeota manyoya.
Kwa hicho sina ndoana.
Nimekiinua polepole, nisimwage,
nikatazama kitakoni:
jina lipo.