Tunaomba Radhi, Wasikilizaji

Stoo ya mjomba wake Ombeni, kule Pasua,
ilikuwa ya kuku kabla haijawa yetu.
Trei za mayai tulizigongomea ukutani,
na bado, besi ikipigwa kwa nguvu,
unyoya mmoja ulichomoka mahali, ukashuka taratibu
kama mtu aliyechelewa mkutano na hajali.

Gitaa lilikuwa la kwaya,
lirudishwe Jumapili kabla ya ibada ya kwanza.
Spika ilikuwa ya matangazo ya misiba,
imepasuka kwa kusoma majina ya watu,
na ule mkwaruzo ambao wenzetu huununua dukani
sisi tulipewa bure, pamoja na waya.
"Imeharibika hiyo," mjomba alisema.
"Ndiyo," akajibu Ombeni. "Usiitengeneze."

Tulijiita Kutu.
Mimi Elisamehe, fundi wa kuchomelea, nilikaa kwenye ngoma;
toazi nililikata mwenyewe kwenye mfuniko wa pipa.
Ndelilio alishika besi.
Aikande aliimba kama anayemwita mtu
ng'ambo ya barabara, malori yakipita.

Wimbo ulikuwa na beti tatu.
Wa kwanza, begi linafungwa zipu, saa kumi alfajiri.
Wa pili, Mererani: kamba, tochi kichwani, shimo linalopumua.
Wa tatu ulibeba jina la kaka yake,
na mama yake alishaambiwa
kwamba jina litatajwa redioni, wazi, wote wasikie.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili.
Kiitikio kikapanda, Ombeni akafumba macho,
Aikande akavuta pumzi ya ubeti wa tatu
(imo, hiyo pumzi, sikiliza vizuri)
na umeme ukaisha.

Haukukatika. Uliisha,
kama chumvi inavyoisha.
Kompyuta ilikuwa na chaji, ikaendelea kusikiliza.
Gitaa likafa, besi ikafa,
mimi gizani nikapiga mapigo manne, labda matano,
mikono ilikuwa haijapata habari.
Kisha kiti kikaanguka, na Ndelilio akauliza,
"Nani alinunua umeme?"

Mwisho wa wimbo.

Tokeni ilipatikana. Tarakimu ishirini
tukasomeana kwa mwanga wa simu, tukakosea mara mbili.
Taa ziliporudi Ombeni akasema, haya, tangu mwanzo.
Aikande alikuwa ameshavaa koti.
"Uacheni hivyohivyo," alisema.
Mpaka leo sijamwuliza.

Jumanne, saa moja usiku, mtangazaji akauweka.
Dakika tatu na sekunde kumi na mbili,
kisha pumzi, ngoma, kiti, swali.
"Tunaomba radhi, wasikilizaji,
kuna hitilafu kidogo ya kimitambo,"
na likafuata tangazo la mabati.

Nilikuwepo, kwenye kochi la mama yake, Njoro,
kikombe mkononi, naogopa kumeza.
Mama aliipiga redio kibao.
Akatoa betri, akaziuma moja moja, akazirudisha.
Mabati yaliendelea kunadiwa, ya rangi zote.
"Endelea," aliiambia. "Endelea, nakusikiliza."
Jikoni Aikande alikuwa anaosha sahani moja
muda wote huo, sahani ileile.
Kisha mama akalitaja jina mwenyewe,
kwa sauti ya kila siku,
kama anayemwita mtu aje kula.
Sitaliandika hapa.

Siku hizi tukipiga popote, hata Arusha,
watu hungoja pale pale na kutumalizia kwa kelele.
Watoto wa Pasua hawasubiri hata wimbo.
Wakiniona nimebeba mashine yangu ya kuchomelea
wanapanda juu ya ukuta:
"Nani alinunua umeme?"

Mimi, nawajibu.
Wa elfu moja.